Mbawakawa, Nyuki na Neno "Dawa"

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yabebayo mizigo mingi bila kulalamika, neno dawa sina budi kuliweka safu ya mbele. Tuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Mwanafunzi aanzaye kujifunza lugha hii huambiwa kwamba kiungo -a huonyesha uhusiano wa vitu viwili, naye huridhika. Lakini akitazama kwa makini ataona kwamba dawa ya meno huyatunza meno, ilhali dawa ya panya haimtunzi panya hata kidogo. Sarufi ni ile ile, makusudio yametengana kama mbingu na ardhi. Mzawa wa lugha hapati taabu, kwa sababu anajua tangu utotoni nani anatakiwa kupona na nani anatakiwa kufa. Mgeni hana budi kuuliza.

Wala jambo hili si la Kiswahili peke yake. Hapa Uganda Waganda husema eddagala, na majirani zetu wa Rwanda na Burundi husema umuti. Maneno hayo nayo humtibu mgonjwa kitandani na kumwua mdudu shambani bila kubadili nguo. Ukiongeza neno wadudu ukungu huzidi. Siafu ni mdudu, kupe huitwa mdudu, kiwavi ni mdudu, nyuki ni mdudu. Hata muuguzi humwambia mgonjwa wa malaria kwamba wameonekana wadudu katika damu yake. Basi mtu asemapo "tutie dawa ya wadudu", ametunga sentensi fasaha isiyosema hata chembe ni nani atakayekufa.

Sentensi hiyo ilitamkwa katika kikao cha walimu shuleni kwetu, mashariki ya Uganda, mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Mimi nilikuwapo, nikiandika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa mwalimu wa lugha hupewa kazi hiyo kila mahali. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Baraza la Mawaziri la nchi hii kupitisha, mwezi wa Julai, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima mashuleni. Sisi walimu wa Kiswahili tulikuwa bado tumejaa furaha. Niliiandika sentensi ile kama ilivyosemwa, na hakuna aliyeuliza swali.

Nieleze kwanza kilichotusibu, maana hatukuwa tukikimbia kivuli. Bustani ya shule ndiyo itoayo mboga za chakula cha mchana. Msimu ule ilikuwa na maharage, kunde, bamia na mashina kama arobaini ya maboga. Mbawakawa wa namna mbili walitujia kwa pamoja. Wa kwanza walikuwa wadogo, wa rangi ya chungwa iliyokolea, nao walikula majani ya maboga wakaacha matundu ya mviringo, mengine yakiungana hata jani likabaki mishipa mitupu. Watoto wa mbawakawa hawa, yaani mabuu yao, huishi ardhini na kutafuna mizizi, hivyo shina hupigwa juu na chini kwa wakati mmoja. Wa pili walikuwa wakubwa, weusi wenye mikanda ya manjano mgongoni, nao hawakushughulika sana na majani. Walikaa ndani ya maua ya kunde na bamia wakayala hadi kikonyo. Mbawakawa huyu ana majimaji makali yaitwayo kantharidini, ambayo yakigusa ngozi huleta malengelenge. (Madaktari hutumia kemikali hiyo hiyo kuondolea chunjua, kwa hiyo yeye mwenyewe ni dawa na sumu katika ganda moja.) Wanafunzi wetu waliwaita wote mende, kwa kukosa jina jingine.

Uamuzi ulipitishwa haraka. Akatafutwa mtu mwenye bomba la kubeba mgongoni, akalipwa kwa awamu tatu, awamu moja kila juma. Alikuja saa tatu ya asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa na nafasi, akapita mstari kwa mstari akinyunyiza majani na maua pamoja. Jioni mbawakawa walikuwa wametapakaa chini, na wengi wetu tulifurahi. Juma la pili akaja tena, saa ile ile.

Kesho yake alikuja Mzee jirani yetu, ambaye mizinga yake kumi na mmoja ya magogo imetundikwa mitini kando ya ua wa shule na kuteremka hadi mtoni. Hakuja kwa kelele. Alibeba jani la mgomba lililokunjwa, akalifungua juu ya meza ya ofisi, na ndani yake mlikuwa na nyuki wafu kiasi cha konzi mbili. Wengine walikuwa bado na chavua ya manjano miguuni. Akamwuliza Mwalimu Mkuu swali moja tu: "Mwalimu, hawa nao mlikuwa mkiwatafuta?" Mwalimu Mkuu alimwomba radhi, tena kwa unyenyekevu, na awamu ya tatu ikafutwa siku ile ile. Hata hivyo makundi mawili ya nyuki yalikwisha kufa, na Mzee akahamisha mizinga minne iliyokuwa karibu na ua akaipeleka ng'ambo ya mto.

Wengi walidhani shauri limekwisha hapo. Kwangu lilianza majuma mawili baadaye, nilipowapeleka wanafunzi wa kidato cha pili bustanini kwa somo la insha ya maelezo. Maboga yalikuwa na maua mengi mno, lakini vile vitunda vidogo chini ya maua jike vilikuwa vikigeuka rangi ya manjano, kunyauka na kuanguka. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba "maboga yanazaa watoto wafu". Nilimpa alama nzuri, kisha nikaenda kumwuliza mwalimu wa kilimo sababu yake.

Aliyonieleza ni mambo ambayo kila mkulima wa maboga angefaa kuyajua, na wengi wetu hatuyajui. Shina moja la boga huzaa maua ya namna mbili, ua dume na ua jike, na ua jike hutambulika kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Chavua ya boga ni nzito na hunata, kwa hiyo upepo hauwezi kuichukua. Sharti abebe mdudu. Tena ua lenyewe lina saa zake: hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na likifumba halifunguki tena. Ikiwa katika saa hizo chache hakuna nyuki aliyelizuru ua dume kisha akaingia katika ua jike, kile kitunda hakina maisha. Maharage na kunde ni vingine, maana ua lao huweza kujichavusha lenyewe. Hiyo ndiyo sababu mimea hiyo iliendelea kutoa maganda kama kawaida, ilhali maboga yaliyo mita kumi kutoka hapo yalisimama bure.

Kwa maneno mengine, yule mtu wa bomba, aliyekuja saa tatu, alikuja saa ambayo nyuki wako kazini ndani ya maua. Kama angetaka kuua nyuki wengi kadiri iwezekanavyo, asingeweza kuchagua saa nyingine iliyo bora.

Tulijaribu kufanya kazi ya nyuki kwa mikono. Wanafunzi sita walifika kila siku saa kumi na mbili na nusu, wakachuma maua dume, wakayavua petali zake, wakapaka chavua katika maua jike, na kila ua lililopakwa likafungwa uzi mwekundu. Ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Umande hulowesha mikono, majani ya maboga hukwaruza, ua jike hujificha chini ya majani, na kengele ya darasa haingoji. Katika asubuhi njema walimaliza maua ishirini. Mwisho wa msimu tulivuna maboga thelathini na moja, na kati ya hayo ishirini na mawili yalikuwa na uzi mwekundu kikonyoni. Msimu uliotangulia tulikuwa tumevuna tisini na manne bila mtu yeyote kuamka alfajiri.

Mwalimu wa kilimo aliniasa nisiitegemee mno hesabu hiyo, na nakiri kwamba alikuwa na haki. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache, na boga hupenda maji kuliko maharage. Majani yaliyotafunwa nayo hayawezi kulisha matunda mengi. Lakini nyuzi nyekundu zilikuwa ishirini na mbili, na mvua ilinyesha juu ya maua yenye uzi na yasiyo na uzi sawasawa.

Tangu hapo mimi na yeye tumebishana sana, na napenda kuandika maneno yake kwa uadilifu kwa sababu si mtu wa kudharauliwa. Yeye husema: mtoto mwenye njaa hali ua. Mbawakawa walikuwapo, walikuwa wengi, na kama tungekaa tukiwatazama tungepoteza bamia, kunde na maboga pia. Husema tena kwamba watu wasiolima ndio wepesi wa kuwahurumia wadudu. Sina jibu la kumshinda, wala sitaki kumshinda. Ninachosema mimi ni kwamba mbawakawa hutuijia kwa njia zake na kwa saa zake, na nyuki vivyo hivyo, na kati ya hao wawili pana nafasi ya kutosha kwa mtu mwenye subira kupita.

Nafasi hiyo ndiyo tuliyoitafuta pamoja katika msimu wa kwanza wa mwaka 2023. Tuligundua kwamba mbawakawa ni mzito wa kuamka. Kabla jua halijapanda, baridi humfanya mvivu. Ukitikisa jani juu ya ndoo yenye maji ya sabuni, huanguka na harudi. Wale weusi wenye mikanda hawashikwi kwa mikono mitupu, nasi tuliwaachia wanafunzi wakubwa wenye mifuko ya plastiki mikononi. Majani machanga ya maboga yalinyunyiziwa majivu makavu ya jikoni, na yakirudiwa kila baada ya mvua, wale wa rangi ya chungwa huyachukia. Maharage hayakupandwa tena pale yalipokuwa, kwa kuwa mbawakawa wa majani ya maharage hujificha ardhini na kutoka mvua zianzapo. Akitoka akakuta mahindi, itambidi asafiri. Hizi si mbinu ngeni. Bibi zetu walizijua nyingi katika hizo, ingawa hawakuziita mbinu.

Sumu hatukuifukuza kabisa, bali tuliipa saa. Ikilazimu, bomba hutoka jua likizama, wakati maua ya maboga yamekwisha kufumba na nyuki wamerejea mizingani. Hupelekwa chini ya majani na si katika maua. Na Mzee huarifiwa siku moja kabla. Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya, nao ni watu wenye nia njema: hudhani kwamba kilichotoka katika mmea hakina madhara. Pareto, linalolimwa Kenya, Tanzania na katika nyanda za juu za Rwanda, ni ua, na sumu yake huvunjwa upesi na mwanga wa jua. Hata hivyo nyuki aguswaye nayo hufa kama mbawakawa afavyo. Utupa nao ni mmea, na samaki wanajua habari zake. Mwarobaini ni mpole zaidi, kwa kuwa mdudu sharti aule ndipo umdhuru vizuri, lakini nao tuliunyunyiza jioni.

Tena ziko sumu ambazo saa haziwezi kuzitibu, maana huingia ndani ya mmea na kukaa humo, hadi katika chavua na maji matamu ya ua. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2008, kusini-magharibi ya Ujerumani, katika bonde la mto Rhine, wakulima walipanda mahindi ambayo mbegu zake zilikuwa zimepakwa sumu iitwayo klothianidini. Adui waliyemkusudia alikuwa mbawakawa aliyetoka Marekani, ambaye mabuu yake hula mizizi ya mahindi. Mashine za kupandia zilipuliza vumbi la sumu kutoka katika mbegu, upepo ukalipeleka kwenye maua ya jirani, na maelfu ya mizinga yakaathirika. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza sumu hiyo na ndugu zake wawili zisitumike nje katika mashamba ya wazi. Nalitaja tukio hili kwa sababu wale walikuwa na wataalamu, maabara na vibandiko vyenye maandishi madogo kuliko mchanga, na bado waliokufa hawakuwa wale waliokusudiwa.

Nisimwonee mbawakawa, hata hivyo. Kadiri nilivyosoma habari zake ndivyo neno adui lilivyozidi kunipwaya mdomoni. Yule mweusi mwenye mikanda, mharibifu wa maua ya bamia, watoto wake huishi ardhini wakila mayai ya panzi. Mzazi hutuibia na watoto hutulindia. Yule mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye kila mtoto amewahi kumtembeza juu ya kidole, ni mbawakawa pia, na kazi yake ni kula vidukari wafyonzao maharage yetu. Na liko jambo la Malaysia, ambalo huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Nchi ile ilipanda michikichi iliyotoka Afrika, lakini michikichi ilisafiri bila wadudu wake. Kwa miaka mingi mashamba makubwa yaliwalipa watu kuchavusha maua ya michikichi kwa mikono, kama wanafunzi wangu sita na nyuzi zao. Mwaka 1981 wakaletwa fukusi wadogo kutoka Kamerun, wafanyao kazi hiyo kwetu Afrika tangu kale, wakaachiwa mashambani, na kazi ya mikono ikakoma. Fukusi ni mbawakawa. Huyo hapo, basi, mbawakawa aliye mchavushaji. Na mtu mwenye bomba la "dawa ya wadudu" angemwua bila kumwuliza jina.

Nirudi darasani, ambako ndiko mahali pangu. Msimu huo niliwakataza wanafunzi kulitumia neno mdudu katika insha za bustani. Kila aliyetaka kumtaja sharti aseme rangi yake, anafanya nini, juu ya jani au ndani ya ua, na ni saa ngapi. Walioijua lugha ya nyumbani walileta majina kutoka huko, na tukagundua kwamba watoto wa Kiteso na wa Kigisu walikuwa na majina kwa wadudu ambao mimi, mwenye stashahada yangu ya ualimu, sikuwa na jina lao. Kisha tukafanya zoezi la vitenzi. Kunyunyiza ni kitenzi kisichomtaja mtu: "nimenyunyiza", basi, mambo yamekwisha. Lakini kauli ya kutendea haimwachi msemaji atoroke. Akisema "nimemnyunyizia", darasa lote humwuliza: nani? Sijawahi kupata mfano bora wa kauli hiyo katika kitabu chochote cha sarufi, na walimu wenzangu wanaruhusiwa kuuchukua bila malipo.

Zoezi hilo lilizaa ugomvi mdogo. Wanafunzi waliomba kibao cha mlango wa stoo, kilichoandikwa STOO YA DAWA, kibadilishwe kiandikwe STOO YA SUMU. Mwalimu Mkuu alisita, akisema wazazi watakaokuja siku ya mkutano watadhani shule inafuga nyoka. Mwalimu wa kilimo ndiye aliyeliamua, na alinishangaza. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi amewaona watoto wawili waliokunywa kilichokuwa chupani kwa sababu waliambiwa ni dawa. Kibao kikabadilishwa juma lile lile. Yeye mwenyewe sasa ana daftari la bomba, lenye safu ya tarehe, safu ya jina la mbawakawa, na safu ya saa. Na mtu akiliacha tupu jina, hapewi ufunguo.

Msimu wa kwanza wa 2023 tulivuna maboga sabini na manane. Bamia ziliharibiwa kiasi, nasi tukazila zenye makovu. Bomba lilitoka mara moja tu, jioni.

Mizinga minne ya Mzee bado iko ng'ambo ya mto. Nyuki wake huvuka na kutufikia, maana si mbali kwao, lakini kuirudisha kando ya ua amekataa. Nilipomwuliza atairudisha lini, alisema kwamba maboga sabini na manane ameyaona na kibao amesomewa na mjukuu wake, ila mbawakawa wa msimu huo walikuwa wachache. Yeye atangoja mwaka watakapokuja wengi kama wale wa kwanza, aone tutatoka na bomba saa ngapi.